Sikio ni Amana: Jawabu kwa Muulizaji wa Visikizi vya Bei Kubwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, akatupa masikio na macho na nyoyo bila ya kututoza thamani. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zangu Waislamu, katika darasa yetu ya usiku wa Ijumaa hapa Garsen, baada ya sala ya Isha, alinijia kijana mmoja mwenye adabu zake, mwendeshaji wa bodaboda, ambaye hakosi darasani ila kwa udhuru. Akaniuliza: "Sheikh, nimeweka akiba miezi mingi. Nataka kununua hedifoni za jina kubwa, na baadaye, Mungu akipenda, spika za nyumbani za namna hiyo hiyo. Wenzangu wengine waniambia kuwa visikizi vya bei ndogo ni takataka, na wengine waniambia kuwa hivyo vya bei kubwa ni israfu. Mimi nataka kusikiliza Qur'ani na mawaidha kwa sauti safi. Je, vina thamani ya fedha zake?"

Nikamuuliza bei, akaniambia shilingi 70,000. Baadhi ya waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suala lake ni suala zuri. Wangapi hununua kwanza, kisha wakaja kutafuta fatwa ya kuwatuliza nyoyo? Huyu ameuliza kabla ya kutoa, na mtu wa namna hii astahiki jawabu lililopimwa. Nilimjibu kwa ufupi usiku ule, na leo nataka kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwani halimhusu yeye peke yake.

Kwanza yatupasa tujue kuwa asili ya vyombo hivi ni halali. Si kila kilichotoka ng'ambo ni haramu, wala si kila kipya ni bid'a. Gramafoni ilipoingia katika nchi za Waislamu, maulamaa wa zama zile waliulizana kama yafaa kuisikiliza Qur'ani kutoka katika chombo kile. Zikaja redio, kisha kaseti, kisha simu hizi tulizo nazo mikononi, na kila mara masuala yalikuwa ni hayo hayo. Na kanuni ya mafakihi katika mlango huu yajulikana: wasila huchukua hukumu ya makusudio yake. Chombo cha kusikilizia mema ni chema, na chombo hicho hicho kikisikiliziwa machafu huwa ni hoja juu ya mwenyewe.

Wala kupenda sauti nzuri si aibu katika dini. Abdallah bin Zaid, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipoota maneno ya adhana, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora zaidi na yenye kufika mbali. Naye Abu Musa al-Ash'ari alipokuwa akisoma Qur'ani, Mtume alisimama kumsikiliza, akamsifu kwa sauti yake hata akaifananisha na zumari za jamaa ya Nabii Daud. Basi anayesema kuwa uzuri wa sauti si kitu katika Uislamu hajasoma sira.

Na katika Sahihi ya Muslim imekuja kuwa mtu mmoja alisema mbele ya Mtume kwamba apenda nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii tuiweke akilini, kwani tutairudia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni suala lenyewe: je, bei ikipanda, na sauti nayo hupanda? Hapa haifai sheikh kusema kwa kudhani, wala muuza duka kusema kwa kuapa. Yapasa kuwauliza wenye kujua. Mwaka 2017 mtaalamu wa sauti aitwaye Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wake juu ya visikizi 283 vya bei mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila kimoja na namna kinavyozitoa sauti nene na sauti nyembamba, asione uhusiano wowote baina ya bei na jambo hilo. Hakusema kuwa visikizi vyote ni sawa. Aliyoyaonyesha ni kuwa bei peke yake haikwambii kipi chema na kipi kibaya katika utoaji wa sauti.

Kisha tazama sikio lenyewe. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kutoka 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na ule upande wa juu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mimi niliyevuka miaka arubaini sidai kuwa nazisikia sauti nyembamba alizozisikia mwanangu wa miaka kumi. Na simu za zamani zilipitisha mitetemo ya kutoka 300 hadi 3,400 tu, lakini mtu alimtambua mama yake kwa neno la kwanza, akajua kama amefurahi au amelia. Maneno ya binadamu hayahitaji hazina ya mfalme ili yafahamike.

Tena hakuna chombo kiwezacho kutoa kisichotiwa. Msahafu wa kwanza uliorekodiwa wote kwa tartili ni wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, mwaka 1961, na idhaa ya Qur'ani Tukufu ya Cairo ilipofunguliwa mwaka 1964 ikaurusha hewani. Ulirekodiwa kwa mitambo ya zama zile. Ukiusikiliza kwa redio ndogo au kwa spika ya thamani ya nyumba, madda ni zile zile na makharija ni yale yale. Kilichoufanya kuwa johari ni elimu ya msomaji na khofu ya Mola wake. Na yale mawaidha mnayotumiana katika simu, ambayo mtu ameyanasa huku feni ikivuma juu ya kichwa chake na pikipiki ikipita nje ya msikiti, hedifoni za 70,000 zitakusikilizisha nini? Zitakusikilizisha feni na pikipiki kwa usafi zaidi.

Lakini uadilifu watutaka tuseme na upande wa pili. Viko visikizi vya bei kubwa vilivyo na ufundi wa kupunguza kelele za nje, na mwenye kusafiri kwa basi kutoka hapa hadi Mombasa, au mwanafunzi anayehifadhi Qur'ani katika nyumba yenye watoto wengi, aweza kusikia kwa sauti ya chini bila ya kuumiza masikio yake. Hilo ni jambo lenye manufaa, ingawa siku hizi ufundi huo wapatikana hata katika vya bei ya kati. Vile vile vya bei ndogo kabisa, vinavyotandazwa juu ya meza stendi, mara nyingi hukatika waya kabla ya mwezi kwisha, na mwenye kununua mara sita kwa mwaka hakuweka akiba. Ametawanya mali yake kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa wanapotoa hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali husimama katikati. Basi ubakhili wa kijinga nao si zuhudi.

Yaliyobakia katika ile bei kubwa ni nini? Ni jina. Mwaka 2014 kampuni ya Apple iliinunua kampuni ya Beats kwa dola 3,000,000,000. Mwaka 2020 Apple yenyewe ilitoa hedifoni kwa bei ya dola 549, nazo kwa kima cha dola cha siku hizi ni zaidi ya shilingi 70,000 zetu. Sehemu ya fedha hizo ni ufundi, hatukatai. Na sehemu ni alama iliyochorwa pembeni mwa sikio, ambayo aivaaye haioni, huiona watu wengine. Hapa ndipo tunapoirudia ile hadithi. Ikiwa wataka kizuri kwa kuwa ni kizuri, huna lawama. Ikiwa wakitaka ili mwenzako mwenye cha shilingi mia tatu ajione mdogo, basi huko ndiko kuwadharau watu, na hilo ni kiburi, hata kama wasikiliza Suratu Yasin.

Na kwa kuwa watu hununua jina, wako wanaouza jina tupu. Masoko yetu yamejaa visikizi na sabufa vilivyobandikwa alama ya JBL au Sony, na wenye alama hizo hawajui vilikotengenezwa. Enyi wafanyabiashara, mnajua kuwa Mtume amemtoa katika kundi lake mwenye kughushi. Kuuza kitu cha kuiga kwa bei ya kitu cha asili ni ghushi, iwe ni maziwa yaliyotiwa maji au ni spika iliyotiwa alama. Na wewe mnunuzi, ukiwa hukujali ila jina, umewarahisishia kazi ya kukudanganya.

Tena ukumbuke nchi yetu. Hapa Garsen ni joto na vumbi, na ukishuka Kipini ni upepo wa chumvi. Vile vito vya kufunika masikio hubanduka kwa jasho, na betri huchakaa kwa joto. Na vile vidogo visivyo na waya, betri yake imefungiwa ndani, ikifa ni shida kubwa kubadilishwa. Kitu kilichonunuliwa kwa jasho la miezi chaweza kuwa taka katika miaka michache. Babu zetu wa pwani waliiona gramafoni kuwa fahari ya sebule, khasa baada ya mwaka 1928 Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi sahani zake. Leo gramafoni hizo ziko wapi?

La tatu ni hukumu. Nasema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kuwa kununua kisikizi au spika njema, kwa bei inayolingana na uwezo wa mtu, ni jambo la mubaha, lakini yapasa kuchunga mambo manne.

Jambo la kwanza, yatangulie ya wajibu. Chakula cha wanao, ada zao, haki ya wazazi, deni la watu na zaka vyote viko mbele ya kisikizi. Imekuja katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe, pamoja na mengine, mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Maswali juu ya mali ni mawili, nasi hulikumbuka la kwanza tukalisahau la pili.

Jambo la pili, fedha zisiwe za riba. Wako vijana wanaokopa kwa simu, mkopo unaoongezeka kwa kuchelewa, ili wanunue kitu cha kusikilizia Qur'ani. Ajabu iliyoje! Mtu anunua kwa riba chombo ambacho kesho kitamsomea aya za Suratul Baqara zinazotangaza vita vya Mungu na Mtume wake juu ya mla riba.

Jambo la tatu, kisimdhuru jirani. Nyumba zetu zimebanana, na mvumo mzito wa sabufa hupenya ukuta wa udongo na wa matofali pia. Luqman alimuusia mwanawe ateremshe sauti yake, na Qur'ani imeuhifadhi wasia huo. Na katika Sunan ya Abu Daud imekuja kuwa Mtume aliwasikia watu wakipaza sauti za kisomo msikitini, akawakataza wasiudhiane kwa kusoma. Ikiwa kisomo cha Qur'ani msikitini kimewekewa mpaka, vipi ngoma za sabufa usiku wa manane karibu na mgonjwa na mtoto mchanga?

Jambo la nne, kisimdhuru mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa salama kiasi cha saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Nayo yakadiria kuwa vijana zaidi ya 1,000,000,000 duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Zile chembe ndogo za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na kisikizi cha bei kubwa huua kama cha bei ndogo. Na wewe mwendesha bodaboda, ukiziba masikio yako barabarani usisikie honi ya lori litokalo Malindi, umeitia hatarini nafsi yako na nafsi ya abiria wako, na zote mbili ni amana.

Nimebakisha la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wazee wetu hutusimulia kuwa katika miaka ya 1950 redio zilikuwa chache mno katika miji ya pwani. Mwenye redio aliiweka barazani, na watu wakakusanyika, wakasikiliza Radio Cairo kwa Kiswahili na Sauti ya Mvita. Chombo kilikuwa kimoja, na masikio yalikuwa arubaini. Aliyekosa neno aliuliza, na aliyelisikia alimweleza, na baada ya habari wakabishana mpaka adhana. Leo nyumba moja ina masikio manane na visikizi vinane, na hakuna anayejua mwenziwe asikia nini. Sisemi kuwa zama zile zilikuwa za malaika. Nasema kuwa usikivu ulikuwa ni kamba iliyowafunga watu pamoja, na sasa tumeikata kila mtu kipande chake.

Nanyi watu wa bonde la Tana hamhitaji kuambiwa thamani ya kusikia. Habari ya maji huanzia mbali, huko juu kwenye mabwawa ya Masinga na Kiambere, na hutufikia kwa redio, kwa simu, kwa kipaza sauti cha msikiti na kwa mdomo wa jirani. Katika mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa miongoni mwa watu waliopita nyumba kwa nyumba usiku. Katika nyumba moja tuligonga mpaka mikono ikauma. Ndani mlikuwa na barobaro amelala na visikizi masikioni, na bibi yake mzee katika chumba cha pili. Bibi hakusikia kwa uzee. Mjukuu hakusikia kwa hiari yake. Mwenyezi Mungu akawanusuru, maji yalikuwa hayajaingia. Lakini tangu usiku ule kila nionapo mtu aliyeziba masikio yake nyumbani, hujiuliza: ni nani katika nyumba hii aliyewekwa zamu ya kusikia?

Nikamuuliza yule kijana wa bodaboda suala hilo hilo. Nilikwisha kufika kwao, na nilimwona mama yake akiinama mpaka sikio lake likagusa redio, kisha akiwauliza watoto, "Amesema nini?" na watoto hawakujibu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na vyake masikioni. Nikamwambia: "Mwanangu, wewe wataka sauti iliyo safi zaidi kuliko uliyo nayo. Mama yako ataka sauti, iwe safi isiwe safi. Mtazame yeye kwanza, kisha urudi uniulize." Akainamisha kichwa. Sikujua kama nimemwudhi.

Baada ya wiki tatu akaja. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali, na daktari akamtazama. Sikio moja lilikuwa limezibwa na nta, likasafishwa, na siku ile ile mama akasikia adhana ya Alasiri akiwa ndani ya gari. Sikio la pili limedhoofika kwa umri, nalo ladai kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho bei yake si ndogo. Sehemu ya ile akiba sasa imewekwa kwa ajili hiyo, na bado haijatosha. Kwa kilichobaki alinunua spika moja ya bei ya kati, akaiweka ukumbini, na baada ya Magharibi nyumba nzima husikiliza juzuu moja. Akaniambia kwa kucheka kuwa visikizi vyake vya zamani bado avitumia, na sikio moja la visikizi hivyo limekufa.

Sikuyaandika haya ili mumsifu. Nimeyaandika kwa sababu jawabu la suala lake liko humo. Kitu kina thamani ya fedha zake kwa kadiri ya haki inayosimama kwa kitu hicho, na kwa kadiri ya haki isiyoangushwa kwa ajili yake. Mtume wetu alimwambia Ibn Mas'ud amsomee Qur'ani, naye ndiye aliyeteremshiwa, akasema kuwa apenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Na ilipofikiwa aya ya 41 ya Suratun Nisaa macho yake yakabubujika machozi. Hapakuwa na chombo baina ya msomaji na msikilizaji, ila moyo uliokuwa hadhiri. Huo hauuzwi Nairobi wala Dubai, na pasipo na huo, fedha zote za dunia hazinunui usikivu.

Suratul Israa, aya ya 36, yatukumbusha kuwa sikio na jicho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Hatutaulizwa tulisikiliza kwa chombo cha jina gani. Tutaulizwa ni nani aliyetuita, nasi tulikuwa wapi.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mazuri zaidi. Tuhifadhie masikio yetu na macho yetu muda wa uhai wetu. Wape wazee wetu afya, na vijana wetu busara, na uwalinde watu wa mto huu, wenye mashamba na wenye mifugo, na kila shari ya maji na ya ukame na ya fitina. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.